Alama Hii Imetokana na Nini?



Wapo watu ambao jioni, baada ya kazi, huketi mezani kuunda helikopta ndogo za plastiki. Ukifungua boksi unakuta vipande vingi vimeshikana kwenye fremu, karatasi ya maelekezo na stika za kulowekwa majini. Kila kipande hukatwa kwa koleo dogo, husuguliwa kwa msasa na kujaribishwa mahali pake kabla ya kutiwa gundi. Anayeanza huambiwa asiwe na haraka, kwa maana gundi ya plastiki huyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Kuzitenganisha tena ni kuziharibu.

Chukua mfano wa Huey, helikopta ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1956 na kujulikana sana katika vita vya Vietnam. Panga za juu za aina ya UH-1H, toka ncha hadi ncha, zilikuwa na mita 14.6. Kwa kipimo cha 1 kwa 48 zinakuwa kama sentimita 30, yaani rula ya mwanafunzi.

Rangi ya kijani ikikauka, mjenzi mgeni huitazama kazi yake inayong'aa akadhani amemaliza. Kumbe imebaki hatua inayoogopwa na wengi: kuichakaza. Hupaka rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ili ijipenyeze kwenye maungio ya mabati, kisha hufuta ya juu. Huweka masizi nyuma ya bomba la moshi kuelekea mkiani. Huparura rangi pale wanapokanyaga watu wakipanda, na kupaka vumbi jekundu tumboni na kwenye vyuma vya kutulia.

Hapo ndipo wanaoanza hukosea, wakachafua kila mahali sawasawa. Mwenye uzoefu huuliza kwa kila doa: alama hii imetokana na nini? Pasipofika mguu wala moshi, rangi hubaki nzima.

Huey halisi hazikuchakaa kwa mapambo. Nyingine zilibeba alama ya msalaba mwekundu, zikishuka katikati ya risasi kuchukua majeruhi. Meja Charles Kelly, aliyeongoza kikosi kimoja cha helikopta hizo, aliuawa tarehe 1 Julai 1964 katika kazi hiyo. Aliambiwa kwa redio aondoke kwa sababu ya hatari. Akajibu kwamba ataondoka akishawapata majeruhi wao.

Ndugu yangu, Jumapili tunakuja kanisani tuking'aa. Nguo zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, na salamu ni moja: tunamshukuru Mungu. Mama aliyemuuguza mumewe miaka mingi huficha mikono yake iliyokauka kwa sabuni. Mzee aliyeuza shamba ili alipe ada za yatima huketi nyuma, akiona haya kwa koti lake kuukuu. Je, tunajua tunawapita akina nani mlangoni?

Soma Yohana sura ya 20. Kristo alifufuka akiwa ameishinda mauti, lakini alama za misumari zilibaki. Aliwaonyesha wanafunzi wake, akamwalika Tomaso azikaribie. Hakuzifuta, kwa sababu zilitokana na upendo.

Lakini tuwe waangalifu na swali la yule mjenzi. Si kila jeraha ni alama ya huduma. Dada anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa kuwa huo ndio msalaba wake. Jeraha lake limetokana na dhambi ya mtu mwingine, na wajibu wa kanisa ni kumtoa penye hatari na kumtibu. Nasi tunaotoa ushuhuda tusijipake masizi ya moto ambao hatukuupita. Kwenye plastiki hiyo ni sanaa. Madhabahuni ni uongo.

Wiki hii, mtafute mtu mmoja kanisani kwenu aliyechakaa kwa ajili ya wengine. Mshike mkono, umwambie umeona. Na ukimkuta mwenye jeraha linalovuja, usimsifu kwa uvumilivu wake. Kaa naye, umsikilize, umsaidie.