Namna ya Kuunda Mfano wa Eropleni kwa Kipimo

Wenyeji wa Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, si wageni wa eropleni. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianza kupeleka chakula kusini mwa Sudan kwa kutumia kiwanja cha Lokichoggio, upande wa magharibi, na tangu hapo mngurumo wa ndege kubwa zenye injini nne ukawa jambo la kawaida katika sehemu zile. Mapatano ya amani ya Sudan yalipotiwa sahihi mwaka 2005 safari zile zilipungua, lakini ndege ndogo za madaktari na za mizigo hazikuacha kutua katika viwanja vya changarawe vya Turkana. Basi mtoto wa huko huifahamu ndege kabla hajaona gari la moshi, maana reli haijafika kwao.

Katika Kenya nzima watoto hutengeneza motokaa kwa nyaya na makopo, na mwenye kupenda ndege hufanya vivyo hivyo: hutazama juu, hukumbuka alichokiona, kisha hukata bati. Kitu chake huwa na mabawa na mkia, nacho chapendeza. Lakini kikiwekwa kando ya mfano ulioundwa kwa kipimo, upungufu wake huonekana mara moja. Mabawa ni mafupi mno, magurudumu ni makubwa kama ya lori, na mlango ni mdogo hata rubani asingeweza kupenya. Kichezeo hutokana na kumbukumbu, bali mfano hutokana na hesabu. Na hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu yeyote ajuaye kugawanya.

Kuunda kwa kipimo maana yake ni kupunguza kila sehemu ya ndege kwa kadiri moja, bila kupendelea sehemu yoyote. Kwa anayeanza, kipimo cha moja kwa hamsini ndicho chepesi kuliko vyote, kwa sababu kila mita moja ya ndege ya kweli huwa sentimita mbili katika mfano, na rula ya shule yatosha kwa kazi yote. Tuchukue ndege iitwayo Cessna Caravan, ambayo hutumika sana katika viwanja vidogo vya Kenya. Ina injini moja puani, mabawa yamekaa juu ya kiwiliwili, na kila bawa limeshikiliwa na mhimili mmoja kutoka chini. Kutoka ncha ya bawa hata ncha ya bawa la pili ni mita 15.87. Ikizidishwa mara mbili, mfano utakuwa na upana wa sentimita 31.7. Rafadha, yaani panga la mbele linalozunguka, ina upana wa mita 2.69, na katika mfano huwa sentimita 5.4.

Hapa mtengenezaji asiye mwangalifu huweza kunaswa. Caravan ziko za namna mbili. Ya kwanza ina urefu wa mita 11.46, na dada yake aliyefuata ana mita 12.68, lakini mabawa yao ni sawasawa. Ya kwanza huwa mfano wa sentimita 22.9, na ya pili sentimita 25.4. Mtu akichukua urefu wa moja na madirisha ya nyingine, ameunda ndege ambayo haijapata kuruka popote duniani. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kukata bali ni kuchagua ndege moja, kuandika vipimo vyake katika daftari, na kuichora mara tatu: kama ionekanavyo kwa juu, kwa ubavu na kwa mbele. Kijana anayezoea kuchora hivyo amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya seremala na ya mfua bati, kwa kuwa wao pia huletewa michoro ya namna hiyo.

Ndege kubwa za Lokichoggio, ziitwazo Hercules, zina mabawa ya mita 40.4 na urefu wa karibu mita 30. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini mabawa yake yangekuwa sentimita 81, na mtoto hana mahali pa kuweka kitu kama hicho ndani ya nyumba. Kwa ndege za namna hii watu wengi hutumia kipimo cha moja kwa sabini na mbili, na mabawa yakawa sentimita 56. Hesabu hiyo ya ajabu ilitoka Uingereza, ambako watu walipima kwa futi na inchi. Futi sita ni inchi 72. Basi mtu mwenye urefu wa futi sita huwa inchi moja kamili. Mifano ya mbao iitwayo Skybirds ilianza kuuzwa kwa kipimo hicho katika miaka ya 1930, na mwaka 1953 kampuni ya Airfix ikatoa ndege ya vita ya Spitfire kwa plastiki, vipande vikiwa ndani ya mfuko, kwa bei ya shilingi mbili. Ni vema kujua kwamba kampuni hiyo kwanza ilitengeneza mfano wa trekta ya Ferguson, ambayo wakulima wa Kenya waliifahamu sana.

Wazee wana haki ya kuuliza kazi hii ina faida gani. Kwa kusema kweli, haileti maziwa wala haichoti maji, na mchungaji anayechonga bawa huku mbuzi wakipotea atastahili anayoyapata. Lakini si mchezo wa watoto tu. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze mifano 500,000 ya ndege kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Mifano ilitundikwa darasani, na askari wakafundishwa kutambua ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo tu. Mfano ukiwekwa hatua chache kutoka kwa mtazamaji huonekana sawa na ndege ya kweli iliyo mbali zaidi ya nusu maili. Mwanafunzi aliyekosea bawa kwa sentimita moja alikuwa akimfundisha askari kuitambua ndege isiyokuwako, na kosa hilo lingeweza kumwua rafiki.

Tena eropleni yenyewe ilianza na kichezeo. Mwaka 1878 Askofu Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe Wilbur na Orville kitu kidogo cha kuruka, kilichotengenezwa kwa mwanzi, kizibo na karatasi, na kuzungushwa kwa mpira uliosokotwa. Kilipovunjika, watoto wakaunda vingine, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, nao wakastaajabu kuona kwamba kadiri kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyokataa kuruka. Sababu yake waliifahamu baadaye. Kitu kikiongezwa urefu mara mbili, huongezeka pia upana na unene mara mbili. Eneo la bawa huwa mara nne, lakini uzito huwa mara nane. Bawa halikui upesi kama mzigo unavyokua. Mwaka 1901 ndugu hao walipima mabawa madogo kama kiganja ndani ya sanduku lenye upepo wa feni, na tarehe 17 Desemba, 1903, Orville akaruka kwa ndege yenye injini muda wa sekunde 12, mwendo wa mita 37 hivi.

Sasa tuje kwenye vifaa. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu hutumia mti wa balsa, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na ambao ni mwepesi kupita kiasi. Kaaleng haupatikani, lakini si sababu ya kukata tamaa. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi vilevile na hukatika kwa kisu cha kawaida. Mwenye jamaa katika sehemu zenye mikonge na amwombe kipande. Katoni za maduka hufaa kwa mabawa, mradi mistari ya ndani ya karatasi ielekee kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, la sivyo bawa litapinda. Makopo ya mafuta ya kupikia, ambayo ni mengi Kakuma, hutoa bati laini. Gundi haina haja ya kununuliwa, maana migunga ya Turkana hutoa gundi ambayo wafanya biashara huinunua kupeleka ng'ambo. Vidonge vyake vikilowekwa katika maji kidogo usiku mmoja hushika karatasi na mti vizuri sana. Bati halishikwi na gundi hiyo, bali hukunjwa au hufungwa kwa waya mwembamba. Kila ukingo wa bati ukunjwe ndani, kwa kuwa bati lililokatwa ni kali kama wembe. Wala mtoto asiokote vyuma asivyovijua porini kwa ajili ya kazi hii. Katika sehemu za mpakani huonekana risasi na vitu vya vita vilivyotupwa, na kitu cha namna hiyo huachwa pale pale kilipo, kisha chifu akaarifiwa.

Kiwiliwili huchongwa kwanza, na mchoro wa ubavu hubandikwa juu ya mti ili kisu kiufuate. Mabawa hufuata, kisha mkia, na mwisho magurudumu. Mtengenezaji mwenye haraka hupenda kuanza na rafadha kwa sababu ndiyo inayozunguka, lakini inafaa ingoje. Rangi yaweza kutoka katika makaa yaliyosagwa, chokaa, au udongo mwekundu uliochanganywa na gundi ile ile.

Mfano wa namna hii ni wa kutazamwa. Akitaka mwingine wa kurushwa, mtengenezaji asiufanye mzito: karatasi ngumu na kijiti chembamba vyatosha. Jambo kubwa hapo ni mizani. Ndege huwekwa juu ya vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, mahali palipo karibu na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamisha mkia, huongezwa udongo kidogo puani mpaka ilale sawa. Ikirushwa ikapanda ghafula, ikasimama hewani na kuanguka, pua ni nyepesi. Ikipiga mbizi moja kwa moja, pua ni nzito. Kwa kawaida Turkana upepo huvuma kwa nguvu, kwa hiyo saa nzuri ya kujaribu ni ile upepo unapokuwa umetulia.

Kuna zoezi moja ambalo mwalimu aweza kulifanya pamoja na darasa zima kwa kutumia Caravan ya sentimita 32. Kiwanja cha ndege chenye urefu wa mita 1,000 kikipunguzwa kwa kipimo kile kile huwa mita 20, na hizo zaweza kupimwa kwa kamba katika uwanja wa shule. Mtu mwenye urefu wa mita 1.80 huwa kijiti cha sentimita 3.6, na mbuzi huwa kijiwe cha sentimita moja na nusu. Vijiti na vijiwe hivyo vikipangwa katikati ya kiwanja, kama watu na mbuzi wanavyosimama siku ndege inapokuja, wanafunzi hutazama kutoka mwisho wa uwanja, na vijiwe havionekani. Rubani anayetua huja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Akienda kilomita 120 kwa saa, hupita mita 33 kila sekunde moja, ambazo ni sentimita 66 katika uwanja wa kamba. Kutoka mwisho wa kiwanja hata kwa mbuzi wale ni sekunde 15 tu. Ndiyo maana marubani wengi kwanza hupita chini juu ya kiwanja bila kutua, na watu wasiojua hudhani kwamba wanawasalimu. Wanawafukuza mbuzi, na kila mzunguko hula mafuta na dakika, hata kama ndege imekuja kumchukua mgonjwa.

Kisha kijiti cha mtu na kisimamishwe mbele ya pua ya mfano. Ncha ya chini ya rafadha itapita chini ya kiuno chake, na ncha ya juu itapita juu ya kichwa. Rafadha ya kweli inapozunguka haionekani kwa macho. Huonekana kama hewa tupu. Watu wazima wengi ambao wamekwisha kuona ndege mara mia hawajapata kufahamu jambo hilo, kwa sababu ndege huonekana ndogo inapokuwa juu na watu huilaki kabla injini haijazimwa. Inafaa kijiti hicho kiachwe mezani pamoja na mfano, ili wazazi wakija shuleni waonyeshwe mahali pa kungojea: kando ya kiwanja, mbali na pua, mpaka rafadha isimame na rubani mwenyewe afungue mlango.