Umestaafu na Unahamia kwa Mtoto Majuu? Panga Bima Mapema

Ukistaafu shamba la maua hapo Kamere, mwajiri anaacha kukukata ile asilimia 2.75 ya SHA. Sasa unajilipia mwenyewe, tena ya mwaka mzima: piga *147# uone kiasi chako.

Lakini mtoto akikuita ukaishi naye Marekani, usitegemee SHA ikulipie daktari wa kule. Hata ukiwa na grini kadi na miaka 65, kama hukuwahi kufanya kazi huko, Medicare hukuuzia bima baada ya kukaa miaka 5 mfululizo. Kabla ya hapo, kulazwa mara moja tu kunaweza kumaliza kiinua mgongo chote. Mwambie mtoto atafute bima kabla hujakata tiketi, na msifiche presha wala sukari. SHA nayo endelea kuilipa. Ukija kutembea nyumbani utaihitaji.