Klimatizeri ya duka: tuhesabu mbele ya kulipa

Bandugu wachimbaji, mwezi wa 10 joto inapanda Kolwezi na Lubumbashi, na kooperativi zinataka kuweka klimatizeri katika duka ao ofisi. Ile ni feza ya michango yetu. Muuzaji asichague kwa macho tu.

Kwanza tupime chumba. Kwa meta mraba 20 hivi, ya BTU 12 000 inatosha. Lakini bati bila plafoni, firigo na watu wengi vinaongeza joto.

Duka ikiwa kubwa, afazali ndogo tatu kuliko kubwa moja: moja ikikufa, kazi haisimame. Ya inveta inakula kura kidogo, na haishtue grupe wakati wa kuwaka.

Vumbi ya mgodi inaziba filtri. Tuisafishe mara kwa mara. Na malipo ya fundi yaandikwe ndani ya fakture, wanamemba wote waione.