Chupa Kumi na Moja Dirishani

Nilikwenda kuandika habari za samaki. Nilikuwa nimesikia mjini Morogoro kwamba kuna shamba la zamani la mkonge, chini ya milima ya Uluguru, lenye bwawa linalotoa perege wanene kuliko wa bwawa la Mindu. Habari ya samaki haikuandikwa. Nilichokikuta kwenye kibanda cha mlinzi wa bwawa kilinirudisha pale mara tatu.

Dirishani zilipangwa chupa kumi na moja za kioo, zile ndogo za pombe kali. Kila moja imejazwa maji, imefungwa kizibo na kubandikwa plasta ya kidonda yenye tarehe. Jua la asubuhi lilipita ndani yake likachora madoa ya mwanga ukutani. Nikadhani nimeingia kwa mganga.

“Hata mwenye shamba alidhani hivyo,” mlinzi, ambaye ni mzee, alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. “Akaniuliza, unamroga nani? Nikamwambia, simrogi mtu. Nalipima bwawa lako homa.”

Sitamtaja jina, wala sitataja shamba. Aliomba hivyo, na ana haki: kibarua chake bado kipo mikononi mwa mtu. Alianza kazi hapo kijana, enzi ambazo maji ya bwawa yalikwenda kwenye korona, mtambo wa kuchakata mkonge, kusafisha singa. Mengine msomaji anayajua: mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ikaanguka, yakabinafsishwa. Katika kupokezana huko michoro ya bwawa ilipotea. Hakuna hapo anayeweza kukuonyesha karatasi inayosema ndani ya tuta kuna nini. Aliyebaki ni mzee na chupa zake.

Nieleze anavyofanya, maana ndilo jambo lililoniteka.

Kila Jumamosi, kabla jua halijakaza, anashuka upande wa nyuma wa tuta, ule usio na maji. Hashuki moja kwa moja. Anatembea kwa kukata, kushoto kwenda kulia, akikanyaga ukoka peku, kwa sababu, anasema, unyayo unajua unyevu kabla ya jicho. Chini kabisa, tuta linapokutana na ardhi ya asili, kuna mahali panapotoa maji kidogo mwaka mzima. Amepachimbia kipande cha bomba ili maji yatoke pamoja. Anaweka chupa, anaisuuza mara tatu kwa maji hayohayo, ya nne anajaza. Anapojaza, anahesabu kwa sauti chupa inajaa kwa hesabu ngapi. Siku niliyokuwepo alifika arobaini na mbili.

Chupa inalala dirishani bila kuguswa hadi kesho yake. Asubuhi anapiga magoti, jicho likiwa usawa wa kitako cha chupa, na kuangalia kitu kimoja tu: kuna kilichotuama?

“Bwawa la udongo lazima litoe jasho,” alinifundisha. “Ukiona halitoi kabisa, jiulize maji yanapita wapi. Jasho jeupe halina neno. Likija na rangi, ujue maji yanatoka na udongo wa tumboni. Leo chembe, kesho kijiko, keshokutwa ndoo. Bwawa linajila lenyewe, na wewe juu unaona majani mabichi tu.”

Wahandisi wanakubaliana naye, ingawa lugha yao haina jasho wala homa. Maji kupita juu ya tuta, na maji kujitoboea njia ndani yake: hizo ndizo sababu mbili kubwa zinazoangusha mabwawa ya udongo duniani. Ya pili huanza kimya, ikishatoka hadharani haisubiri. Tarehe 5 Juni 1976, huko Idaho, Marekani, wafanyakazi wa bwawa jipya la Teton waliona asubuhi maji ya tope yakitoka ukutani. Kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limevunjika. Watu 11 walikufa. Lile lilikuwa tuta la serikali, refu kuliko jengo la ghorofa ishirini, lenye wahandisi na matingatinga. Hili la kwetu, mtu mzima akisimama chini yake na wenzake watatu mabegani, wa juu anaona maji.

Nikamwomba anisomee chupa. Kuanzia ya kwanza hadi ya nane, maji maangavu kama ya mvua. Ya tisa ina utando chini, mwembamba kama ukucha wa mtoto, rangi ya matofali mabichi. Ya kumi, utando mnene zaidi. Ya kumi na moja imerudi kuwa nyeupe.

“Basi limepona,” nikasema.

Alinitazama kwa huruma. “Hiyo ya kumi na moja ndiyo inayoninyima usingizi, mwanangu. Imekuwa nyeupe kwa nini? Pengine udongo umejiziba wenyewe, hutokea. Pengine maji ya bwawa yalishuka, na kweli yalishuka shibiri mbili, kwa hiyo hayana nguvu ya kusukuma. Au yamehama, yanatokea mahali ambapo sijapaona. Chupa inaniambia imebadilika. Haiwezi kuniambia kwa nini.”

Tukapanda juu ya tuta. Katikati yake umeota mwembe, mkubwa, wa kivuli kizuri; mwenye shamba huwakaribisha wageni hapo. Mzee angeukata jana. Mizizi hai inapenya tuta, mizizi iliyokufa inaoza na kuacha mirija. Karibu na shina alinionyesha shimo la panya buku. Alichomeka fimbo, ikaingia hadi kwenye kiwiko chake. Atalifukua na kulishindilia udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka. Kulifunika juu tu, alisema, ni kumfungia mwizi ndani.

Lakini kilichomkasirisha zaidi ni wavu. Pembeni mwa kila bwawa la namna hii kuna utoro wa maji, mfereji mpana ambao mafuriko hupitia ili yasipande juu ya tuta. Kwenye utoro huu umefungwa wavu wa waya, perege wasitoroke. Mvua kubwa ikija, wavu huo hukamata majani, migomba, magogo, chochote Uluguru inachoamua kushusha, na mlango wa kutokea unageuka ukuta. Kwa hiyo mzee, akiona kilele cha Lupanga kimejifunika wingu jeusi, huchukua koleo la kukatia waya na kwenda kuufungua, hata usiku. Asubuhi hulaumiwa kwa samaki waliokwenda zao. Nilikumbuka kwa aibu kwamba samaki haohao ndio walionileta.

Mwenye shamba nilizungumza naye kwa simu, na hakuwa mtu mbaya. Bwawa limesimama tangu hajazaliwa, alisema. Kumwita mhandisi wa kulikagua ni gharama kubwa kuliko anachopata kwenye perege na bustani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za 2013 zinaweka mzigo huo kwa mwenye bwawa. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi zake Morogoro mjini, si mbali. Nilimuuliza kama bwawa limesajiliwa. Alisema atanipigia. Hajapiga.

Neno “tuta” lina kumbukumbu kwenye milima hii. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa Waingereza wa kuwalazimisha kukata matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na ukafa. Waliambiwa matuta ni kwa faida yao, wakaona jasho ni lao na uamuzi ni wa mwingine. Kwa bwawa hili naona jambo linalofanana na hilo: faida iko juu ya tuta, hatari imelala chini yake, na waliolala chini hawakuulizwa. Usiku wa 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, nchini Kenya, bwawa la shamba binafsi lilipasuka na kushukia nyumba za watu. Walikufa 48. Mamlaka ya maji ilisema bwawa halikuwa na kibali.

Mzee anaijua habari ya Solai, aliisikia redioni. Ndipo alipoanza chupa.

Tulisimama ukingoni akinionyesha kwa kidole. Alipoanza kazi, huko chini kulikuwa mkonge mtupu. Sasa kuna mabati, uwanja wa mpira wa watoto, msikiti mdogo, bustani za mchicha. Bwawa halikuongezeka ukubwa hata hatua moja. Lakini hatari yake imekua kila mwaka, kwa kila tofali lililojengwa kule. Nikamuuliza: siku chupa ikija nyekundu, utampigia nani kwanza? Mwenye shamba, mwenyekiti wa kitongoji, au watu wa Bodi ya Bonde? Alifikiri sana. Akasema salio la simu huwa hana, labda angekimbia. Kisha akatazama miguu yake.

Nikiondoka nilisimama chini ya tuta kununua mchicha kwa mama mmoja. Nikamuuliza kama wanalijua bwawa la kule juu.

“Lile la samaki?” akasema. “Tunalijua sana.”