Kusafiri hadi Alpha Centauri kwa nguvu ya mwanga: wahandisi wamekwama wapi?

Jioni za mwezi wa tano na wa sita, mtu akisimama Goma, Bukavu ao Uvira na kutazama upande wa kusini, ataona nyota mbili zenye kung'aa zinazofuatana karibu na Msalaba wa Kusini. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alpha Centauri. Kati ya nyota zote za mbinguni, kundi lake ndilo jirani wa karibu kabisa wa jua letu. Lakini jirani huyo yuko kwenye umbali wa kilometa zaidi ya miliardi elfu 41. Mwanga wenyewe, ambao hakuna kitu kinachoupita kwa mbio, unachukua zaidi ya miaka minne kufika kwetu.

Tarehe 12 Aprili 2016, mjini New York, tajiri Yuri Milner, mzaliwa wa Urusi, alisimama pamoja na mwanasayansi Muingereza Stephen Hawking na kutangaza kwamba safari ya kwenda huko inawezekana. Mpango wao uliitwa Breakthrough Starshot. Milner aliahidi dola milioni 100 kwa ajili ya utafiti, na Mark Zuckerberg wa Facebook aliingia katika kamati ya uongozi. Lengo lilikuwa kutuma vyombo vidogo sana, vyenye uzito wa gramu chache, kwa kasi ya kilometa elfu 60 kwa sekunde. Hiyo ni sehemu moja kwa tano ya kasi ya mwanga. Chombo kingefika Alpha Centauri baada ya miaka 20 na kitu.

Karibu miaka 10 imepita tangu siku hiyo, na hakuna chombo hata kimoja kilichoondoka. Sababu si moja.

Kuacha injini nyumbani

Chombo kilichokwenda mbali zaidi kuliko vyote ni Voyager 1 cha Marekani, kilichorushwa mwezi wa tisa 1977. Kinakwenda kilometa 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kingehitaji zaidi ya miaka elfu 70 kumaliza umbali wa kufika Alpha Centauri.

Shida ya roketi ni mafuta. Roketi ni kama lori linalotoka Goma kwenda Kisangani bila kituo cha mafuta hata kimoja njiani: linabidi libebe mafuta yake yote, na mafuta yale yana uzito, kwa hiyo yanahitaji mafuta mengine ya kuyasukuma. Kadiri unavyotaka mwendo zaidi, ndivyo mzigo unavyozidi, hadi hesabu inakataa kabisa.

Ndiyo maana mhandisi Mmarekani Robert Forward aliandika mwaka wa 1984 kwamba afadhali injini ibaki nyumbani. Chombo kiwe na tanga tu, kama mtumbwi, na kisukumwe na mwali wa leza kutoka mbali. Philip Lubin, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, alilirudia wazo hilo na kulifanyia hesabu mpya kwa leza za kisasa. Hesabu zake ndizo zilizofungua njia ya Starshot.

Umeme wa Inga mara 50

Kwamba mwanga unasukuma si hadithi. Mwaka wa 2010, Japani ilirusha chombo IKAROS chenye tanga la upana wa meta 14 kila upande, na mwanga wa jua ulikisukuma kweli. Ila nguvu yenyewe ni ndogo mno. Starshot ilipanga leza yenye nguvu ya megawati laki moja. Mwanga wote huo ukigonga tanga na kurudi, msukumo wake unalingana na uzito wa mtu mzima mmoja, wa kilo karibu 68. Basi. Ndiyo sababu chombo lazima kiwe cha gramu chache: uzito wa mtu mmoja ukisukuma gari, gari halitikisiki sana, lakini ukisukuma kitu chepesi kama karatasi, kinaruka.

Megawati laki moja ni nyingi kiasi gani? Mabwawa ya Inga 1 na Inga 2, yakizalisha yote yaliyojengewa, hayafiki megawati 1,800. Leza hiyo ingehitaji zaidi ya mara 50 ya umeme huo. Hata Inga Kubwa, ile inayozungumzwa tangu miaka mingi kwa megawati karibu elfu 40, isingetosha. Faraja ni kwamba leza ingewaka kwa dakika chache tu kwa kila chombo, kwa hiyo umeme ungeweza kukusanywa polepole ndani ya betri kubwa na kuachiliwa mara moja.

Leza yenyewe haiwezi kuwa taa moja. Ni leza ndogo nyingi sana zilizopangwa kwenye uwanja wa kilometa moja kila upande, zote zikipiga kwa mpigo mmoja kama kundi la wapiga ngoma. Moja ikichelewa, mwali unavunjika. Juu ya hapo kuna hewa. Hewa inayotikisika ndiyo inayozifanya nyota zimetemete usiku, na hewa hiyohiyo itautikisa mwali ukipanda. Itabidi leza zijirekebishe mara nyingi kwa kila sekunde. Na kwa kuwa Alpha Centauri iko kusini sana mwa anga, uwanja huo unapaswa kujengwa kusini mwa ikweta, mahali pa juu na pakavu.

Tanga jembamba kuliko utando

Tanga ndilo linalowaumiza wahandisi kichwa zaidi. Linatakiwa liwe na upana wa meta nne hivi kila upande, na uzito wa gramu moja ao karibu. Kwa hiyo unene wake uhesabiwe kwa mamia ya atomu tu. Tanga hilo litapigwa na mwanga wenye ukali wa zaidi ya mara milioni nne ya jua la mchana. Likinywa hata sehemu moja kwa elfu ya mwanga huo, litaungua kabla ya kwenda popote. Ni lazima lirudishe mwanga mwingi, na ule lisioweza kuurudisha liupitishe bila kupata joto.

Watafiti wengi sasa wanaangalia nitraidi ya silikoni, kitu kinachojulikana tayari katika viwanda vya kutengeneza chipu za kompyuta. Mwaka wa 2025, kundi la taasisi ya Caltech huko California lilieleza jinsi lilivyopima msukumo wa leza kwenye kipande cha nitraidi hiyo chenye unene wa nanometa 50. Nanometa moja ni sehemu moja kwa milioni ya milimeta. Mwaka huohuo, watafiti wa Delft nchini Uholanzi, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, walionyesha utando wa milimeta 60 kila upande, uliotobolewa matundu madogo yasiyohesabika ili uwe mwepesi na uakisi vizuri. Ni hatua kubwa, lakini kutoka milimeta 60 hadi meta nne bado ni mbali.

Tena tanga lazima libaki katikati ya mwali. Jaribu kusimamisha fimbo ndefu juu ya ncha ya kidole: ikiinama kidogo, inaanguka. Tanga likiinama kidogo, linatupwa pembeni, na hakuna rubani wa kulirudisha. Watafiti wanatafuta umbo la tanga, ao michoro juu yake, ambayo italifanya lijirudishe lenyewe.

Risasi za vumbi

Chombo chenyewe, chenye kamera, kompyuta, betri na leza ya kutuma habari, kinatakiwa kitoshe kwenye chipu moja. Hapo kuna matumaini. Mwaka wa 2017, roketi ya India ilibeba vyombo sita vinavyoitwa Sprites, kila kimoja gramu nne tu na upana wa sentimeta tatu na nusu. Upungufu huo wa ukubwa ni zawadi ya viwanda vya simu, vilevile vinavyotumia tantalamu itokayo kwenye koltani ya Kivu.

Wakati wa kusukumwa, chipu hiyo itabanwa na nguvu inayozidi mara elfu kumi ya mvuto wa dunia. Kuna vifaa vya umeme ndani ya makombora ya mizinga ambavyo hustahimili mshtuko wa namna hiyo, lakini kwa kitambo kidogo sana. Hapa ni dakika nzima.

Baada ya hapo kinakuja kimya cha miaka 20, na adui wake ni vumbi. Kwa kasi hiyo, chembe yenye uzito wa sehemu moja kwa miliardi ya gramu inapiga kwa nguvu kama risasi ya bunduki ya kivita. Chembe nyingi za kati ya nyota ni ndogo zaidi ya hapo, lakini ni nyingi, na gesi nayo inakwangua. Watafiti walipendekeza chombo kisafiri kwa ubavu, upande mwembamba ukitangulia, na upande huo ufunikwe kwa ngao. Na vitumwe vyombo vingi, maana vingine vitapotea.

Kikifika, hakina breki. Umbali kama wa kutoka jua hadi dunia kingeuvuka kwa dakika 42 tu. Ndani ya muda huo mfupi kingepiga picha za sayari, kama Proxima b iliyogunduliwa mwaka wa 2016 kwenye nyota ya tatu ya kundi hilo.

Halafu kitume picha nyumbani. Hata kama tanga zima litageuzwa kuwa kioo cha kuelekeza mwali wa leza yake ndogo, mwali huo ukifika duniani utakuwa umetawanyika kwa upana wa kilometa karibu milioni 10, hafifu kabisa, na nyuma yake nyota inawaka kwa ukali. Kuukamata kungehitaji chombo cha kupokea chenye ukubwa wa uwanja wa leza wenyewe.

Nani atashika swichi?

Kuna swali ambalo si la uhandisi. Leza inayoweza kusukuma tanga inaweza pia kuunguza setilaiti ya nchi nyingine. Mkataba wa anga wa 1967 unakataza kuweka silaha za maangamizi kwenye mzunguko wa dunia, lakini leza iliyo ardhini ni jambo lingine. Hakuna nchi itakayofurahi kuona mwenzake anajenga mashini hiyo peke yake. Kila mara leza ikiwaka, itabidi ndege na setilaiti zote zijulikane ziko wapi.

Hawking alifariki mwezi wa tatu 2018. Mwaka wa 2025, jarida la Scientific American liliripoti kwamba mpango wa Starshot umesimamishwa, na kwamba ni sehemu ndogo tu ya zile dola milioni 100 iliyotumika. Kazi ya matanga inaendelea katika vyuo vikuu, taratibu, maabara kwa maabara.

Tuseme mambo yote yanakwenda vizuri na chombo cha kwanza kinaondoka mwaka wa 2050. Kitafika baada ya mwaka wa 2070, na picha yake itachukua miaka minne zaidi kurudi. Mtoto anayezaliwa 2026 atakuwa na miaka kama 50 siku picha hiyo itakapoonekana. Wahandisi wanaopima tanga leo wengi wao hawatakuwepo, na wanajua hivyo.