Joto la Vifaranga Pasipo Stima



Vikundi vingi vya akina mama na vijana huku Molo, Kuresoi, Elburgon na Mau Narok vimeanza miradi ya kuku. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 33 hadi 35, kisha linapunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka manyoya yaote. Basi mahali ambapo stima haijafika, joto litatoka wapi?

Sola inaweza?

Tupige hesabu. Betri ya kawaida ya asidi iliyoandikwa 12V 50Ah hubeba 12 mara 50, yaani wati-saa 600. Usiitumie kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Zimebaki 300. Balbu ya joto ya wati 250 itazimaliza kwa saa moja na dakika chache tu, na usiku una saa 12! Lakini taa ndogo ya LED ya wati 5 itawaka saa 60, yaani usiku 5. Kwa hivyo betri ni ya mwanga, si ya joto. Joto tutoe kwa moto.

Hatari ya jiko

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Wengi hudhani moshi ukiisha, jiko ni salama. Si kweli. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanaitoa, hata kwenye jiko la kauri linalotumia makaa machache. Ukiivuta, hushika damu na kuzuia hewa safi isifike kwenye ubongo na moyo. Mtu aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka. Ndiyo sababu watu hufa wakiwa wamelala karibu na jiko, milango imefungwa kuzuia baridi.

Mambo ya kufuata

1. Mlinzi wa vifaranga asilale katika chumba chenye jiko. Alale chumba kingine, aamke kila saa mbili kuangalia.

2. Acha nafasi ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, chini ya paa. Usizizibe kwa nailoni, hata baridi ikizidi.

3. Washa jiko nje, uliingize makaa yakishika vizuri. Liweke juu ya matofali, ulizungushie wavu. Maranda yawe mbali. Usiongeze mafuta ya taa kamwe. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

4. Punguza haja ya moto. Zungusha katoni kuwakinga vifaranga na upepo, tandika maranda ya kutosha, na uweke mitungi ya maji moto iliyofungwa kwa gunia.

Soma vifaranga wenyewe. Wakirundikana, wanasikia baridi. Wakikimbia jiko huku wametanua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, mambo ni sawa.

Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kukosa nguvu ndani ya chumba hicho, usifikiri ni malaria. Toka nje mara moja. Ukimkuta mwenzako ameanguka, fungua mlango, mvute nje kwenye hewa safi, na mpeleke hospitali. Waambie madaktari kwamba kulikuwa na jiko. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa. Hayaondoi gesi hii katika damu. Hospitali itampa oksijeni.

Vifaranga mia wakifa ni hasara, lakini kikundi kitachanga na kuanza tena. Mama wa watu hatanunuliwa mwingine.

Mazungumzo ya kikundi

– Chumba chetu cha vifaranga kina nafasi ngapi za hewa? Twendeni tukahesabu leo.
– Zamu ya usiku ni ya nani, na analala wapi?
– Nyumbani kwetu, nani bado anaingiza jiko chumba cha kulala?