Uchaguzi wa Aina ya Betri kwa Gari la Safari na Kambi

Gari la safari linalobeba hema juu ya paa na friji nyuma ya viti huhitaji umeme wa namna mbili. Kuwasha injini huhitaji mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Friji, taa na chaji za simu huhitaji mkondo mdogo kwa saa nyingi, injini ikiwa imezimwa. Betri ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba yanayotoa mkondo wa ghafla. Ikitumiwa mara kwa mara hadi karibu kuisha, mabamba hayo huharibika mapema. Kwa gari linalolala mbugani, kama Serengeti, matokeo yake ni injini isiyowaka mahali ambapo fundi yu mbali na si salama kushuka kusukuma gari. Kwa sababu hiyo, gari la namna hii hufungwa betri ya pili. Makala haya yanabainisha kuwa kigezo cha kuchagua betri hiyo si bei wala namba iliyoandikwa juu yake, bali ni nishati inayoweza kutumika bila kuidhuru, na namna itakavyochajiwa.

Betri zinazotumika zaidi ni za makundi mawili. La kwanza ni la madini ya risasi na asidi, teknolojia iliyoasisiwa na Gaston Planté nchini Ufaransa mwaka 1859. Humo mna betri za maji, za jeli, na za AGM ambazo asidi yake hushikwa na nyuzi za kioo. Kundi la pili ni la lithiamu, chuma na fosfati, ambalo msingi wake wa kikemia ulichapishwa na John Goodenough na wenzake nchini Marekani mwaka 1997.

Tofauti yao hudhihirika katika hesabu. Tuchukulie friji ya wati 40 ambayo kompresa yake huzunguka asilimia 40 ya siku: itatumia wati-saa 384. Taa za wati 10 kwa saa 4 zitaongeza wati-saa 40, na simu na kamera wati-saa 76. Jumla ni wati-saa 500 kwa siku, yaani 1,000 kwa siku mbili za kukaa kambini. Betri ya AGM ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ili idumu inashauriwa kutumia nusu tu, yaani 600. Hivyo zinahitajika betri mbili, zenye uzito wa takribani kilo 60. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 yenye ampea-saa zilezile hutoa wati-saa 1,024 kwa kutumia asilimia 80, na uzito wake ni kilo 12 hivi. Namba ni ileile, ilhali uwezo haulingani.

Kuhusu chaji, betri ya risasi hupokea sehemu ya mwisho ya umeme polepole sana. Mzunguko wa asubuhi wa kutazama wanyama hautoshi kuijaza. Ikiachwa nusu tupu siku nyingi, salfati hugandamana kwenye mabamba na uwezo hupungua. Betri ya lithiamu haidhuriki kwa kutojazwa, lakini huweza kuvuta mkondo mkubwa hadi kuunguza alteneta. Kwa hiyo huhitaji kifaa cha kudhibiti chaji kati ya alteneta na betri. Aidha, haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi joto 0.

Mahali pa kuifunga nako kuna uzito wake. Joto la chumba cha injini hufupisha maisha ya betri za aina zote mbili. Betri ya maji nayo hutoa gesi ya hidrojeni inapochajiwa, hivyo haifai kuwekwa ndani ya gari panapolala watu.

Kwa jumla, AGM inamfaa mwenye bajeti ndogo ambaye gari lake husafiri masafa marefu kila siku, au huunganishwa na umeme wa kambi au paneli za sola zinazotosha kuijaza. Lithiamu inamfaa anayetua kambini siku kadhaa, hasa pale friji inapohifadhi dawa kama insulini. Katika hali zote mbili, hesabu ya matumizi itangulie dukani.